Dalali amenipa mpaka Ijumaa: nichukue ekari ya Mtumba au pagala la Nzuguni?

Barua

Shikamoo Mzee wa Bikoni,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 37, naishi Chang'ombe hapa Dodoma na wanangu wawili. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma na Kongo, nyumbani tunamwona siku nne au tano kwa mwezi. Safu yako naisoma muda mrefu, ila leo nimebanwa na nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Nina milioni 11 nilizoweka kidogo kidogo, nyingi zimetoka kwenye kuvunja kikoba. SACCOS ya kazini imenipitishia mkopo wa milioni 15 kwa miezi 48, marejesho 441,000 kila mwezi. Mkopo umepita ila hela sijaichukua. Jumla ni milioni 26. Nataka ziingie kwenye ardhi au nyumba, nikistaafu nisihangaike.

Dalali mmoja tunayesali naye amenionyesha sehemu mbili. Ya kwanza ni ekari moja ukishapita Ihumwa, upande wa Mtumba, milioni 14. Anasema ni bei ya kutupa kwa sababu Mji wa Serikali uko pua na mdomo. Wauzaji ni ndugu wawili, shamba waliachiwa na marehemu baba yao. Yupo na dada yao anaishi Kibaigwa, lakini wanasema hana neno. Hati haipo, upimaji "unakuja". Tutaandikishana ofisi ya mtaa mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Dalali kanipigia hesabu: ekari inatoa viwanja kumi vya 20 kwa 20, nikiuza kimoja milioni 4 nina milioni 40. Kusema kweli usiku ule sikulala.

Ya pili ni pagala la mtumishi mwenzangu, Nzuguni. Vyumba vitatu, kimoja masta, limefika lenta, halijapauliwa, na limenyeshewa misimu mitatu. Ukutani kuna nyufa. Anataka milioni 30. Kiwanja kimepimwa na kina hati, lakini hati iko benki, aliikopea, na deni lililobaki ni kama milioni 9. Anasema nimpe milioni 20 taslimu akamalize benki, aniletee hati, halafu nimalizie. Na mkewe walitengana, anadai "hausiki".

Dalali hili la pagala halitaki kabisa, anasema lina mikosi, benki huku mwanamke kule. Hata mimi moyo umeniegemea kwenye ekari, naona ina amani. Hakuna deni, hakuna ugomvi. Kuna mtu wa Dar ana hela mkononi, anasubiriwa mimi nikishindwa. Leo ananiomba laki tano ya kushika.

La mwisho, mume wangu hajui. Nafikiria niandikishe jina la binti yangu wa kwanza, ana miaka 14.

Mama G., Chang'ombe

Jibu

Marahaba Mama G. Mbukwa, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo.

Laki tano usitoe. Hilo lifanye sasa hivi, mengine utasoma ukitulia. Huyo mtu wa Dar namfahamu, tangu nianze kazi yupo. Kila kiwanja kinachouzwa Dodoma ana hela mkononi na kila Ijumaa anakaribia kununua.

Sasa nikuambie jambo ambalo dalali wako hatalipenda: kati ya hizo mbili, hiyo yenye mikosi ndiyo ya kuifuata. Pagala lina matatizo matatu na yote umeyataja kwa majina, benki, mke na nyufa. Kila moja lina mtu au ofisi ya kulimaliza, na kama halimaliziki utajua kabla hela haijatoka mfukoni. Ekari haina tatizo lolote linaloonekana kwa sababu haina karatasi ya kulionyesha. Unachokiita amani mimi nakiita ukimya.

Tuanze na hesabu iliyokunyima usingizi. Ekari ni mita za mraba 4,047. Viwanja kumi vya 20 kwa 20 ni mita 4,000. Zinabaki 47, ukubwa wa sebule na jiko. Barabara itapita wapi? Mwenye kiwanja cha katikati ataingia kwa ungo? Ile ekari ya miguu, hatua 70 kwa 70, ni kama mita 64 kila upande. Pitisha barabara moja tu ya mita 10 kutoka mwanzo hadi mwisho, umepoteza mita za mraba 640, yaani kiwanja kimoja na nusu. Na hapo mchoraji ni wewe mwenyewe. Siku mpanga miji akija na mchoro wa eneo zima, mchoro huo haujui mpaka wako uko wapi. Unaweza kuangukia kwenye barabara, shule, eneo la wazi au njia ya maji. Nimepima viwanja vya watu miaka 27, na maneno "hapa kwako mama mchoro unaonyesha sokoni" nimeyatamka zaidi ya mara moja. Si maneno mazuri kuyatamka, sembuse kuyasikia.

Halafu hayo maandikiano ya ofisi ya mtaa. Watu wengi hapa mjini wanayaheshimu kama hati. Yanathibitisha kwamba siku fulani fulani alimpa fulani hela mbele ya mwenyekiti, basi. Mwenyekiti ni shahidi mzuri, anawajua wenyeji kuliko mimi, na ukienda kununua lazima umwone. Lakini si msajili. Kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma, Rais ameishika kwa niaba ya wananchi, na unachonunua wewe ni haki ya kuitumia. Ndani ya jiji haki hiyo inaanza na mchoro uliopitishwa, upimaji uliosajiliwa, barua ya toleo, na mwisho hati. Neno "upimaji unakuja" lina maana kwamba hata hatua ya kwanza haijakanyagwa.

Na hawa ndugu wawili: baba amefariki, sawa, nani msimamizi wa mirathi? Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Kikao kinapendekeza jina, mahakama ndiyo inateua, na aliyeteuliwa ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Waombe barua ya usimamizi yenye muhuri wa mahakama ya mwanzo. Wakianza kukuambia "sisi ni familia moja, hatuna shida", shida unayo wewe. Dada wa Kibaigwa hana neno leo kwa kuwa hajaambiwa bei. Madai ya ardhi yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12, kwa hiyo huyo dada, au mwanawe, ana muda wa kutosha wa kupata neno.

Kingine, umekwenda kuiona ekari mwezi huu wa nane, nchi imekauka, vumbi jeupe, kila mahali panaonekana tambarare na salama. Dodoma hii mvua zake ni za kuanzia Desemba mpaka Aprili, zinakuja chache lakini zikija zinakuja zimekasirika. Rudi pale asubuhi moja bila dalali, tembea kwenye vichaka vya miiba pembezoni mwa shamba. Angalia kama kuna majani makavu, vijiti na mifuko ya nailoni imenasa kwenye matawi, na imenasa kwa urefu gani. Nimewahi kusimama kwenye shamba zuri kabisa, mwenye shamba akinisifia udongo, huku takataka za mvua iliyopita zikiwa zimening'inia usawa wa mkanda wa suruali yangu. Korongo lenyewe lilikuwa limejaa mchanga, hulioni mpaka uonyeshwe. Ukikutana na mama anachunga mbuzi hapo, muulize maji ya mwezi wa pili hupita wapi. Yeye hana kamisheni.

Sisemi upande wa Mtumba ni mbaya. Nilikuwepo mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali inahamia kweli kweli, baada ya kuambiwa hivyo tangu 1973. Mashamba ya mtama yaligeuka viwanja kwenye midomo ya watu ndani ya wiki. Ikavunjwa CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, mwaka 2017, tukawa jiji 2018, Mji wa Serikali ukasimama, treni ya umeme ikaanza kuleta watu kutoka Dar mwaka 2024, Msalato ukaanza kujengwa uwanja wa ndege, barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112 inazunguka mji. Yote ni kweli, na ndiyo maana dalali anayataja yote. Ila treni haijaleta hati ya ekari hiyo. Na huyo mwenye shamba naye anasikiliza redio, habari njema zimeshaingia kwenye bei yake.

Usidhani nakucheka. Mimi mwenyewe, na bikoni zangu zote, yaani zile alama za mipaka ya kiwanja, niliwahi kununua kiwanja kwa rafiki bila kwenda kukanyaga mipaka. Karatasi nilikuwa nazo, nikasema mimi ndiye mtaalamu, nitaenda siku yoyote. Nilipokwenda, baada ya miezi saba, nikafyeka majani kwa panga, nikachimbua bikoni ya kwanza, zege lenye nondo katikati na namba yake, safi. Ya pili safi. Ya tatu nikaikuta ndani ya banda la kuku la jirani, kuku wametaga juu yake. Ukuta wake ulikuwa umeingia kwangu mita nne. Ilinigharimu mwaka na nusu wa baraza la ardhi na urafiki wa watu wawili. Na hapo nilikuwa na hati.

Haya, twende Nzuguni.

Mahali penyewe pana maisha yake tayari. Soko kubwa lipo, stendi ya mabasi ipo, viwanja vya Nanenane vipo, barabara ya Dar inapita. Mpangaji wa hapo hasubiri Serikali ihamie, ameshahamia. Sasa chukua karatasi na kalamu, haya yafanye kwa mpangilio, usiruke.

Mwombe muuzaji kopi ya hati. Hati ikiwa benki, kopi huwa hazikosekani. Peleka namba yake ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa msajili msaidizi wa hati, uombe upekuzi rasmi. Lipa kwa kontroo namba, usimpe mtu hela mkononi kwenye korido hata kama ana kitambulisho shingoni. Majibu yatakuambia hati iko kwa jina la nani, ina rehani ya benki gani, na kama kuna zuio la mtu mwingine. Jina lililo kwenye hati lifanane na la kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. Halafu soma tarehe na muda. Hati nyingi za zamani hapa Dodoma zilitolewa enzi za CDA kwa miaka 33, baadaye ikaelekezwa zibadilishwe ziwe za miaka 99. Kama hii bado ni ya 33 na ilitolewa, tuseme, 1997, basi unanunua miaka michache sana na kazi ya kwenda kuibadilisha, na bei lazima ilijue hilo. Uliza pia kodi ya ardhi imelipwa mpaka mwaka gani. Malimbikizo yanafuata kiwanja, hayamfuati mtu.

Benki sasa. Ile habari ya kumpa milioni 20 akamalize mwenyewe, hapana. Si kwamba namwita mwizi mtumishi mwenzako. Mtu mwenye madeni ukimpa milioni 20, benki inakuwa mmoja tu kati ya wanaomdai, na anayepiga simu kwa ukali zaidi ndiye analipwa kwanza. Mnakwenda benki wote wawili, na wakili wako awepo. Mnaomba barua inayotaja deni lote mpaka siku ya kulipa, kwa shilingi, siyo "kama milioni 9". Mnaandika mkataba wa pande tatu: wewe unalipa deni moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki inajifunga kwa maandishi kutoa hati ya kuondoa rehani na kumkabidhi wakili wako hati ya kiwanja, siyo muuzaji. Siku hiyo hiyo wakili apeleke zuio kwa msajili kwa jina lako, ili mtu mwingine asiweze kuingiza chochote juu ya kiwanja wakati mnasubiri.

Hapa ndipo ile akiba yako ya milioni 11 inapofanya kazi nzuri. Milioni 9 zinafuta deni la benki, mbili zinabaki za wakili, upekuzi na nauli. Mkopo wa SACCOS usiuchukue bado! Ukiuchukua leo utaanza kulipa 441,000 kila mwezi huku hela imelala. Uchukue siku rehani imeondoka na fomu za kuhamisha zimesainiwa. Zipo tatu, namba 29, 30 na 35, wakili anazijua usingizini. Hiyo inakupa bei: 9 jumlisha 15 ni milioni 24. Kwa pagala lililonyeshewa misimu mitatu, lenye nyufa, lenye rehani, milioni 24 inayolipwa kwa utaratibu si ofa ya kumwonea mtu aibu. Anayetaka 30 aliitaja kwa mnunuzi ambaye hatauliza maswali. Mkataba utaje pia nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, ile asilimia 10 ya faida. Kisheria ni ya muuzaji, ila nimeona wauzaji wakishtuka siku ya mwisho na mnunuzi akailipa ili mambo yaishe. Ushuru wa stempu, asilimia 1, jipange wewe.

Mke. "Hausiki" ni neno la mume, mimi nataka neno la mke. Kutengana si talaka. Kama ndoa bado ipo, aje asaini ridhaa mbele ya wakili, na asaini kabla milioni 9 hazijaenda benki. Kama talaka ilishatoka, ilete hukumu ya mahakama na mgawanyo wa mali uonekane pagala lilikwenda kwa nani. Mpigie simu huyo mke wewe mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, umwambie unataka kununua na hutaki kumdhulumu. Pengine atakuambia anataka sehemu yake ya hela, na hilo linaandikwa kwenye mkataba, analipwa kwenye akaunti yake. Pengine atakuambia hauzi. Akisema hauzi, biashara imeisha na bado una milioni 11 zako, umepoteza hela ya upekuzi na soda.

Nyufa, hizi nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji. Ufa mwembamba unaofuata lipu au mstari wa tofali haunitishi. Unaonitisha ni unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari kuelekea lenta, mpana juu mwembamba chini, au ule unaoonekana ndani na nje mahali pamoja. Chimbeni kidogo pembeni ya msingi mwone udongo. Ukiwa mweusi, ule wa mbuga, ukikauka unapasuka kama kisigino na ukilowa unavimba, basi msingi wa kawaida hapo unachezeshwa kila mwaka, na marekebisho yake yanaweza kula hela ya bati zote. Chukua ufunguo, kwaruza tofali za mstari wa juu kabisa ambazo mvua imezipiga. Zikimwagika kama sukari, mistari miwili mitatu inabomolewa kabla ya kupaua. Nondo zilizochomoza kwenye nguzo zikiwa na kutu ya juu juu zinasuguliwa, zikiwa zimeliwa zinakatwa. Haya yote ni hela, na kila moja unaiondoa kwenye bei ukiwa umesimama pale pale na muuzaji anaangalia.

Kuhusu maji, bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa mjini, kuwepo mtaani na maji kutoka kwenye bomba ni mambo mawili. Hesabu simtank za majirani. Waulize akina mama wenye madumu wananunua dumu shilingi ngapi na wapi.

Sasa kodi ya pango, maana hapa ndipo wengi mnajidanganya. Hukusema unategemea kiasi gani, tuseme 300,000 kwa mwezi. Mwaka una miezi 12 lakini mpangaji ana 11, mmoja unakwenda kwenye kumtoa huyu na kumpata yule. Hiyo ni 3,300,000. Toa kodi ya zuio asilimia 10, imebaki 2,970,000. Toa laki tatu za koki, choo kuziba na rangi. Umebaki na 2,670,000, gawa kwa 12, ni kama 222,000. Marejesho yako ni 441,000. Kwa hiyo nyumba hii haijilipi, inalipwa na mshahara wako miaka minne, na hapo nimekwishajifanya imekamilika. Bado bati, mbao, madirisha, umeme na sakafu. Kama baada ya makato theluthi ya mshahara ndiyo inabaki peke yake, usitegemee kumalizia ujenzi mwaka huu wala ujao. Paua kwanza. Nyumba iliyopauliwa inaweza kukusubiri, isiyopauliwa inaliwa kila masika. Ukishindwa kupaua ndani ya mwaka mmoja, sikushauri ununue, bora uongeze akiba.

Kuna wenzako watakushauri uigeuze apatimenti ya kulala wageni, kwa siku, kwa sababu ya Bunge. Bunge la bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni mji unafurika kweli, hata chumba chenye feni mbovu kinapata mtu. Waheshimiwa wakiondoka simu inanyamaza. Ukiwa na mshahara na muda wa kubadilisha mashuka, jaribu. Kwa muuguzi wa zamu za usiku, mpangaji wa miezi sita anayelipa mbele ana afya zaidi. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mpangaji atakuuliza mbona anakatwa yeye. Mrudishie, usigombane na mtu kwa elfu moja na mia tano.

Jina la binti, hapana. Wa miaka 14 hawezi kusaini mkataba, na ukitaka kuuza au kukopea kesho kutwa utalazimika kupitia mahakamani kuomba ruhusa juu ya mali uliyoinunua mwenyewe. Na kama lengo ni kuificha kwa baba yake, jina la mtoto halifichi chochote. Mali iliyochumwa ndani ya ndoa mahakama inaiangalia ilivyochumwa, haishii kwenye jina. Mambo ya ndani siyaingii, safu hii ni ya ardhi. Ila fikiria hili: wiki ijayo utamwambia mke wa muuzaji wako aje asaini kwa kuwa mumewe hana haki ya kuuza kimya kimya. Baba G. akirudi kutoka Tunduma mpikie, mwonyeshe hesabu. Dereva wa malori anajua bei ya bati na nondo kuliko sisi sote, na anaweza kukubebea mbao kutoka Mafinga akirudi.

Dalali akipiga Ijumaa mwambie ekari unaisubiri barua ya mahakama ya mirathi na saini ya dada wa Kibaigwa. Usibishane naye, kanisani bado mtakutana. Na kama pagala litanunuliwa, yeye ndiye aliyekupeleka, kamisheni yake mpe, baada ya hati kuandikwa jina lako.

Jumamosi nenda na fundi Nzuguni, beba ufunguo na futi kamba. Ule ufa mkubwa upige picha ndani na nje, weka sarafu ya mia mbili pembeni yake nione upana, unitumie.